Maji Yaliyolala Nje

Hivi wewe unayenisikiliza, ukimkuta mtoto analia kwamba mifupa inamuuma, midomo imemkauka na vidole vya miguu vimekuwa vya baridi kama chura wa kisimani, utaanza na nini: blanketi, maji, au kikao?

Nyumbani kwa Damas, pale Isevya, walianza na kikao.

Kilikuwa kikao cha watu watatu, na mmoja wao hakutakiwa kusema. Damas, fundi baiskeli, alikaa kwenye kiti chenye mgongo. Dada yake mkubwa, Katarina, aliyeshuka asubuhi ile kwenye treni kutoka Igalula na debe la asali na chungu kipya kilichofungwa kwenye khanga, alikaa kwenye kiti chenye mto. Nibizi, mke wa Damas, alikaa mkekani karibu na mlango wa chumba alimolala mtoto, kwa sababu viti vilikuwa viwili na hakuna aliyekumbuka kwenda kwa jirani kuazima cha tatu.

Mtoto mwenyewe ni Consolatha, wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, macho yana umanjano kidogo. Tangu mdogo ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengine wanauita siko seli. Alikuwa na kadi ya kliniki. Alikuwa na vidonge vyake ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga. Na mama yake, ambaye shule aliishia njiani, mambo ya kliniki aliyashika kama anavyoshika Baba Yetu: mtoto asipigwe na baridi, anywe maji hata kama hana kiu, vidonge asikose, homa ikipanda mbio hospitali.

Kwa utaratibu huo Consolatha alikuwa anakwenda. Anaumwa, anapona, anarudi shule, anacheza rede kidogo na kukaa chini kabla ya wenzake. Lakini kipupwe cha mwaka huu kilikuja na meno, mtoto akashikwa mara mbili mfululizo, na wateja wa baiskeli wakaanza kumuuliza Damas, "Fundi, yule mtoto wako vipi, mbona hakomi kuumwa?" Damas akaona aibu. Huruma nayo alikuwa nayo, sisemi, lakini aibu ndiyo iliyotangulia kushika simu na kumpigia dada.

"Sisi kwa ukoo wetu," Katarina akasema, akijipangusa mafuta ya kitumbua kwenye vidole, "damu haijawahi kuugua. Tumbo tumeugua. Macho tumeugua. Kichaa alikuwepo mmoja, na yule alirogwa, inajulikana. Lakini damu! Damu yetu ni ya wapagazi. Babu wa babu yetu alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, mguu kwa mguu, na maji anakunywa mara moja tu kwa siku, msafara ukishatua. Sasa mjukuu wa mtu yule aumwe damu? Ameipata wapi?"

Aliposema *wapi*, macho yake yalikwenda mkekani.

Ukweli ni kwamba pembe zile hazikuwa za babu. Alibeba mali ya watu, akala vibaya njiani, akarudi na shuka mbili za merikani na bega moja lililoshuka kuliko jingine. Wajukuu wake wakaligeuza bega lile kuwa ufalme. Tabora hii imejaa watu wa namna hiyo. Mguse kidogo tu, anakuletea msafara mzima.

"Mimi nimezaliwa Ulyankulu, hapahapa Tabora," Nibizi akasema.

"Nani kakuuliza ulipozaliwa?"

"Umesema ameipata wapi."

"Wifi, mimi naongea na mdogo wangu. Wazazi wako walikuja na vikapu vyao kutoka Burundi, hatujui ndani mlikuwa na nini. Mimi sisemi neno baya. Nasema tu hatujui."

Nibizi alimtazama mumewe. Damas alikohoa, akajikuna goti, akasema, "Dada ameona mengi kuliko sisi. Sasa mke wangu, unataka nifanye nini?"

Neno hilo ndilo alilolipenda. Watu wengine hutembea na mwavuli. Damas alitembea na *unataka nifanye nini*, na kila yalipodondoka matone mawili aliufungua.

Ndani, mtoto aliita, "Mama, nina kiu." Nibizi akainuka, na kikao kikaendelea vizuri zaidi bila yeye.

*

Kesho yake walikwenda Itetemia kwa Silasi.

Silasi alikuwa na kibao kilichoandikwa DAKTARI BINGWA WA MIMEA, herufi za mwisho zimebanana kwa sababu ubao uliisha kabla ya sifa. Zamani alikuwa anapima tumbaku za wakulima kwenye kijiji fulani, akaachishwa kwa kuwa mizani yake ilikuwa na upendeleo. Sasa alivaa koti jeupe. Kwenye mfuko wa kifua palikuwa na doa la kahawia ambalo ukiliangalia vizuri utajua koti lile lilianzia buchani.

"Mwangaluka!" akamwamkia Katarina kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, tata," Katarina akaitikia, amejaa kama andazi lililokolea hamira.

"Shikamoo," akasema Nibizi.

"Marahaba, mama mgeni."

Mama mgeni alikuwa ameishi Isevya miaka yote tangu aolewe, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kibao kile. Alimvuta Consolatha karibu na kumfunika miguu kwa upindo wa kitenge.

Silasi hakumgusa mtoto. Hakumuuliza panauma wapi. Aliuliza ukoo. Basi hapo Katarina alipata alichokuwa anakitafuta tangu apande treni. Akaanza Ujiji, akapita Uvinza, akavuka Malagarasi na mzigo kichwani, hakuacha mto wala kilima. Silasi alimsikiliza amefumba macho. Alipomaliza, mganga akayaacha macho yake hivyohivyo yamefumba, akaanza kutikisika taratibu.

"Namwona mtu," akasema. "Amebeba kitu begani. Cheupe. Kirefu."

"Pembe!" Katarina akapiga kelele. "Damas, umesikia? Pembe!"

"Mimi sijasema pembe. Umesema wewe."

"Ni pembe, tata. Ndiye mwenyewe!"

Maskini Katarina. Alikuwa amempelekea mtu kuku wake mwenyewe, sasa anauziwa supu yake, na anaisifu chumvi.

Silasi akatoa dawa. Ilikuwa mizizi ya mlungulungu, imekatwakatwa na kufungwa kwenye gazeti. Mlungulungu una heshima yake. Wazee wa Unyamwezi wameuchemsha kwa homa na kikohozi kabla reli haijafika, na mti wenyewe haujawahi kumwambia mtu aache kunywa maji. Masharti yalikuwa ya Silasi. Mizizi ichemshwe kwenye chungu kipya. Maji yake yamiminwe kwenye beseni, beseni lilale nje lipigwe na umande. Alfajiri, kabla jogoo hajanyamaza, mtoto aogeshwe kwa maji yale yaliyolala nje, ili damu ya mpagazi iliyosinzia iamke. Asinywe maji mpaka jua lipande juu ya paa, kama babu yake alivyosafiri. Vidonge viachwe, maana vidonge na mizizi havikai kikapu kimoja. Na chungu kishikwe na shangazi, upande wa baba. Mama asikiguse, wala asimpe mtoto kitu asubuhi, kwa sababu mkono wa mama ndio mlango ulioingiza ugonjwa.

"Samahani," akasema Nibizi. "Kliniki walisema asipate baridi. Na maji wanasema anywe mengi."

"Kliniki gani?"

"Ya hospitali."

"Wanamjua babu wa mtoto hao?"

Katarina alicheka mpaka akashika ubavu. Damas naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetazama kwanza wengine wamechekaje.

Mwisho Silasi akataka asali ya Katarina, debe zima, na blanketi la mtoto. Lile zito, la kijivu, lenye mistari miwili myekundu, ambalo Nibizi alilishona kona kwa uzi wa buluu. "Limenyonya ugonjwa," akasema. "Lazima nilichome mwenyewe. Mkilichoma nyinyi mtavuta moshi."

Damas alilileta jioni ileile, limefungwa vizuri nyuma ya baiskeli.

*

Katarina aliitawala nyumba kama mkuu wa msafara. Alfajiri alikuwa wa kwanza kutoka. Aliyakoroga maji ya beseni kwa kiganja, akamwita mtoto, akamvua nguo uani, akammwagia. Consolatha hakulia. Alikuwa anabana meno mpaka yanasikika chumbani, ambako mama yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia, mikono ameikunja kwapani isije ikafanya jambo.

Siku za mwanzo mtoto hakuumwa, maana ugonjwa huo una siku zake za kupumua, dawa iwepo isiwepo. Katarina akaupokea ushindi. Alikwenda kwa majirani nyumba hadi nyumba. "Vidonge tumetupa," akasema. "Mnakula madawa ya Wazungu wakati mti uko nyuma ya choo."

Asubuhi moja alipokuwa anammwagia, mtoto aliinua uso, akafungua mdomo, akayameza yale maji ya mizizi machungu kama shubiri. Akameza tena. Alikuwa na kiu tu. Katarina akaita watu.

"Njooni muone! Damu imeanza kuitaka dawa yenyewe!"

Ndipo Nibizi alipotoka. Alikuwa na kikombe cha bati, kina maji ya uvuguvugu, mvuke unatoka. Hakuwa na hasira usoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe aliyesimama uchi juu ya jiwe la kuogea, anatetemeka, ngozi imetoka vipele.

"Simama hapo," akasema Katarina.

"Wifi, mtoto ana kiu."

"Jua liko wapi? Nionyeshe jua. Mapaa ya watu ndiyo hayo bado yana giza, wewe unaleta maji. Unataka kuua dawa?"

"Nataka anywe."

"Damas! Mwambie mkeo."

Damas alikuwa mlangoni anapiga pampu baiskeli ya mteja. Nibizi akamgeukia. Katarina akamgeukia. Mtoto naye, maji yanamchuruzika puani, akamtazama baba yake. Pampu ilisimama. Tairi likasikika likipumua.

Damas aliinama, akabonyeza tairi kwa dole gumba.

"Loo," akasema. "Kumbe hili lina pancha."

Katarina akakichukua kikombe mkononi mwa Nibizi, bila haraka, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akakimimina chini. Ardhi ya Isevya ikayanywa yote mara moja, kwa sababu ardhi haina shangazi.

"Ihangane, mwana wanje," Nibizi akamwambia binti yake kwa Kirundi. Vumilia, mwanangu.

"Na hicho kilugha chako usikiseme karibu na chungu," akasema wifi yake.

*

Alfajiri iliyofuata Consolatha hakuitika alipoitwa. Walimkuta amejikunja, anaguna, miguu haiwezi kunyooka. Katarina akasema dawa inafanya kazi, mpagazi naye siku ya kwanza miguu humuuma. Alimvuta akae. Mtoto akakaa, akaegemea upande mmoja kama gunia lililopangwa vibaya, na alipofungua kinywa kusema neno, nusu ya mdomo ilikwenda na nusu ikabaki.

Safari hii Nibizi hakumtazama mtu. Alimfunga mwanawe mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu inaburuza, akatoka naye barabarani na kusimamisha bodaboda. Damas alifuata nyuma kwa baiskeli ya mteja. Katarina alifuata baadaye, baada ya kuchagua khanga.

Hospitalini walisema ni kiharusi, wakamwekea mtoto mpira wa hewa puani, dripu mkononi, wakatafuta damu ya kumwongeza. Muuguzi aliyempokea, Sista Agnetha, alikuwa mtu wa maneno mafupi na viatu vyenye kelele.

"Maji amekunywa lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni," akasema Nibizi.

"Na vidonge vyake?"

Katarina akaikunja upya khanga yake.

"Nauliza, nani kamwachisha vidonge?"

"Mama yake ndiye anayekaa naye," akasema Katarina. "Sisi ni wageni tu, tumekuja kuangalia mgonjwa."

Nibizi alimtazama mumewe. Damas alikuwa anaangalia feni ya darini, na feni yenyewe ilikuwa haizunguki.

Sista alivuta shuka, akanusa nywele za mtoto. "Mmemwogesha mizizi?"

"Mlungulungu," Katarina akasema, sasa kidogo kwa majivuno. "Maji yaliyolala nje."

"Yaliyolala nje. Mwezi wa saba." Sista alivua miwani. "Mama, mimi bibi yangu alichimba mizizi, nimekunywa na sikufa. Mpeni mtoto mbaazi, mpeni mchicha, mpeni nsansa ya majani ya kunde, papai, chochote shamba linachotoa. Mzizi mkitaka kumpa, njooni nao hapa, muulize kwanza utagombana na vidonge au la. Lakini baridi? Na kiu? Hiyo ni dawa ya nini hiyo?"

"Ni ya ukoo wetu. Ugonjwa ndio si wetu."

"Selimundu mtoto hairithi kwa mzazi mmoja, mama. Baba na mama, kila mmoja ameweka nusu yake."

"Kwetu hapana."

"Basi baba apime. Ni tone tu."

Damas alisema ana kazi ya watu. Sista akasema kazi itamsubiri. Damas alisema hajala. Sista akasema hata yeye hajala. Ilibidi mwanamume yule wa ukoo wa wapagazi ashikwe kidole na mwanafunzi wa uuguzi, na alipochomwa alipiga yowe ambalo lingewatawanya tembo wa Ujiji wote.

Jibu lilipokuja lilikuwa vile alivyosema Sista: Damas naye anayo. Haumwi, lakini anayo, na ameirithi kwa waliomzaa. Katarina akaisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Mashine za siku hizi," akasema. Kisha akauliza treni ya kwenda Igalula inapita saa ngapi. Aliondoka na chungu chake. Mdogo wake alimbebea mzigo mpaka stesheni.

*

Wodini usiku kulikuwa na baridi, na mtoto alikuwa na khanga mbili tu. Asubuhi Nibizi akamwambia mumewe aende Itetemia akamuulize Silasi, huenda blanketi halijachomwa. Damas akaenda. Akalikuta juani, kwenye kamba ya Silasi, limefuliwa, mistari yake miwili myekundu, kona yake ya uzi wa buluu. Akarudi mikono mitupu.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Palikuwa na watu wengi. Na ameniuliza, je, mama aligusa chungu? Nikasema alikaribia. Akasema basi, tumeharibu wenyewe. Sikutaka ugomvi, mke wangu. Ulitaka nifanye nini?"

Nibizi alivaa kandambili zake. Alimwomba mama wa kitanda cha pili amwangalizie mtoto, akatembea mpaka Itetemia, akapita katikati ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi la Silasi, akalivuta blanketi kwenye kamba mpaka vibanio vikaruka.

"Mama!" Silasi akatoka mbio na koti lake la buchani. "Hilo lina ugonjwa!"

"Pole," akasema Nibizi. "Kumbe umelilalia."

Mzee mmoja kwenye benchi alicheka, mwingine akainuka kimya na kuchukua baiskeli yake. Nibizi hakungoja kuona nani anabaki.

*

Consolatha alirudi nyumbani siku za michembe ya viazi kuanikwa, hewa imeanza kupata joto. Maneno yake yalirudi karibu yote. Mkono wa kushoto haukurudi vizuri. Jioni alikaa mlangoni, blanketi magotini, kikombe cha bati amekishika kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto umelala mapajani kama umesahauliwa pale na mtu mwingine. Alikuwa anakunywa. Akimaliza, mama yake anamwongezea, bila kuulizana.

Damas alikuwa kando yao, baiskeli imepinduliwa, anazungusha pedeli.

"Wewe siku hizi huongei na mimi," akasema.

"Naongea."

"Unasema chakula tayari. Unasema mkaa umeisha. Hayo si maongezi." Akazungusha pedeli. "Dada alikuja kwa nia njema. Silasi ametudanganya sote, si mimi peke yangu. Kila mtu ananitazama kama mimi ndiye niliyemwogesha. Watu wa mtaani, Sista, wewe. Mkubwa wangu amekuja nyumbani, amesema. Wewe ulitaka nifanye nini?"

Aliliuliza kama siku zote, akijua ni swali lisilo na jibu, na tayari alikuwa ameinama kutafuta spana.

"Asubuhi ile," akasema Nibizi, "mimi nimesimama na kikombe."

Pedeli ikaendelea kuzunguka yenyewe.

"Tulikutazama watatu."

Damas hakuinua kichwa. Mtoto alikuwa ameacha kunywa.

"Nilitaka useme, 'Mpe.'"